Atakula Nini Huyu?

Mpwa wangu ana miaka minane. Jumamosi moja aliingia uani kwao, Temeke, amekumbatia boksi la viatu. Ndani alikuwemo mtoto wa mbwa wa rangi ya udongo, anatetemeka. Kapewa na jirani. Dada yangu alikuwa anachambua mchele, na hakuinua hata kichwa: "Atakula nini huyu?"

Wapangaji wenzake wakacheka. Mimi niliona ameuliza swali la kisayansi kuliko yote. Wengi wetu tunapotaka mnyama wa kufuga nyumbani huanza na manyoya na sura, tumbo tukalikumbuka baadaye.

Mbwa ana undugu na mbwa mwitu wa nchi za baridi (si hawa wenye mabaka wa Serengeti, hao ni spishi nyingine kabisa). Lakini maelfu ya miaka ya kula makombo ya binadamu yamembadilisha. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walilinganisha jeni za wanyama hao wawili, wakaangalia ile inayotengeneza amilasi, kimeng'enya cha kongosho kinachovunja wanga. Mbwa mwitu alikuwa na nakala 2 tu. Mbwa wa nyumbani alikuwa nazo kuanzia 4 hadi 30. Ndiyo maana mbwa koko anakula dona lililochanganywa na dagaa na anabweka hadi alfajiri.

Paka hakupita njia hiyo. Yeye ni mla nyama wa kuzaliwa. Mwili wake haujitengenezei taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu, macho hufifia hadi upofu na misuli ya moyo hulegea. Paka anayelishwa ugali na mchuzi kila siku ana njaa ingawa tumbo limejaa. Ini lake nalo lina upungufu wake: hushindwa kuvunja paracetamol, na kidonge kimoja tu cha homa kinaweza kumuua.

Kuna wanaomfukuza paka mara mama akipata mimba, kwa kuogopa vimelea vya toksoplasma. Hofu hiyo ina msingi, ila adhabu imezidi. Vimelea vinavyotoka na kinyesi cha paka huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Mchanga anamojisaidia paka ukimwagwa kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito, hatari hupungua sana.

Kwa nyumba nyingi za pwani suala la mbwa limeshaamuliwa na dini, na paka ndiye mwenye ruhusa ya kuzunguka jikoni. Kwa wanaofuga mbwa, jambo zito ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa kung'atwa na mbwa. Virusi huingia na mate kwenye jeraha, kisha hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Dalili zikishaonekana, kupona ni nadra mno. Sasa mpime mtoto wa miaka mitano kwa jicho: kichwa chake kiko karibu na mdomo wa mbwa. Kutoka shavuni hadi kwenye ubongo safari ni fupi.

Kuna pia suala la muda. Mbwa hujifunza kuwazoea watu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya maisha yake. Tunaowafungia bandani mchana kutwa na kuwafungulia usiku tunapata walinzi, halafu tunashangaa wanapomrukia mtoto wa mgeni. Mbwa huyo hakuwahi kufundishwa kuwa mtoto ni rafiki. Kama nyumbani hamna mtu wa kukaa naye majuma hayo, chukueni paka, ambaye hulala sehemu kubwa ya siku na wala hatawadai muda mwingi.

Na kwa wanaotamani ndege, kasuku wa kijivu msimguse. Huishi miaka 40 na zaidi, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya wale wanaonaswa porini imepigwa marufuku.

Dada alikubali mtoto wa mbwa abaki, kwa sharti kwamba dawa ya minyoo inunuliwe wiki hiyohiyo, kwa kuwa watoto wengi wa mbwa huzaliwa wakiwa tayari na minyoo ya mama yao. Mbwa alipotimiza miezi mitatu akapelekwa kwa daktari wa mifugo kuchanjwa kichaa.

Na mbwa yeyote akimng'ata mtoto wako, hata awe wa kwenu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.