Mzee aliyeitwa nyumbani mara tatu



Sisi watu wa kanisani tunaujua mji wa Roma kwa ajili ya Waraka wa Paulo. Vijana wetu wanaujua kwa ajili ya mpira. Leo naomba nianze upande wa vijana, kisha tutarudi kwenye Maandiko, maana kuna mzee mmoja wa mji huo ambaye habari zake zimeninyima raha kwa wiki mbili sasa.

Anaitwa Claudio Ranieri. Wengi wanamkumbuka kwa Leicester City, timu aliyoipa ubingwa wa Uingereza mwaka 2016. Kabla ya msimu ule, wachezesha kamari walikuwa tayari kulipa 5,000 kwa 1 kwa atakayeitabiri. Kamari siifundishi, naitaja tu ili uone watu walivyoidharau timu ile. Miezi tisa baada ya ubingwa huo, klabu ilimfuta kazi. Hiyo nayo ni habari ya kutosha kwa Jumapili moja, lakini siyo inayonisumbua. Inayonisumbua ni ya nyumbani kwao.

Ranieri alizaliwa Roma Oktoba 20, 1951, mtaa wa San Saba. Baba yake alikuwa na bucha katika mtaa wa jirani, Testaccio, ambako klabu ya Roma ilikuwa na uwanja wake wa zamani kabla ya Vita Kuu ya Pili. Si mbali na hapo kuna lango la kale la mji liitwalo Lango la Mtakatifu Paulo. Kwa mapokeo, njia inayotoka upande ule ndiyo mtume alipitishwa akienda kuuawa. Basi mtoto huyu wa muuza nyama alikulia pale, akaipenda timu ya mtaani kwao, na alipokuwa kijana ikamsajili. Alikuwa beki. Akacheza mechi 6 za ligi kuu.

Sita tu. Timu ya nyumbani haikuwa na nafasi yake. Mwaka 1974 akaenda Catanzaro, kule kusini kabisa ambako Italia inachongoka kama buti, akakaa miaka 8 na kucheza mechi zaidi ya 200. Akamalizia Catania na Palermo, kisiwani Sicilia. Alipoanza ukocha alianzia timu ndogo ambazo hata Waitaliano wengi hawazifuatilii, kisha akaipandisha Cagliari kutoka daraja la tatu hadi ligi kuu kwa misimu miwili mfululizo. Baada ya hapo dunia ikafunguka: Napoli, Fiorentina, Valencia, Chelsea, Juventus. Miaka 35 ilipita tangu aondoke nyumbani hadi simu ya kwanza ilipopigwa.

Ilikuwa Septemba 2009. Ligi ilikuwa imechezwa mechi mbili, Roma imefungwa zote, kocha amejiuzulu. Hakuna aliyemwita Ranieri wakati mambo ni mazuri. Alikwenda. Timu ikaamka, ikacheza mechi 24 za ligi bila kufungwa, na Aprili 2010 ikakaa juu ya Inter kwa pointi moja, zikiwa zimebaki mechi chache.

Hapo ikaja mechi na Lazio, watani wao wa mji mmoja. Anayejua Simba na Yanga hahitaji maelezo. Hadi mapumziko Lazio walikuwa mbele kwa bao 1-0. Ranieri akawatoa wachezaji wawili, na hao hawakuwa watu wa kawaida: Francesco Totti, nahodha, na Daniele De Rossi. Wote wawili ni wazaliwa wa Roma, wote ni mabingwa wa dunia wa 2006, na mashabiki waliwapenda kama watoto wao wa kuwazaa. Aliona presha ya kuzaliwa pale imewapanda kichwani siku ile. Nafikiri ni mzaliwa mwenzao tu angeweza kuliona hilo upesi namna hiyo, na hata yeye, kama angeshindwa, asingepata pa kupita katika mji wake mwenyewe. Kipindi cha pili kipa wao akapangua penalti, kisha Mirko Vucinic akafunga mabao mawili, Roma wakashinda 2-1.

Wiki moja baadaye, nyumbani, wakafungwa na Sampdoria 2-1. Walikuwa wametangulia kufunga. Msimu ukaisha Inter wakiwa na pointi 82 na Roma 80. Februari 2011 timu ikaongoza 3-0 ugenini Genoa, ikafungwa 4-3, na Ranieri akajiuzulu.

Mara ya pili ilikuwa Machi 2019. Kocha amefukuzwa, msimu umebakiza miezi isiyofika mitatu, anahitajika mtu wa kushika usukani tu hadi mwisho. Ni kazi ambayo makocha wenye jina huikwepa, maana ukifanikiwa wanasema timu ilikuwa nzuri, ukishindwa wanasema umezeeka. Alikwenda. Wakamaliza nafasi ya 6. Siku ya kuaga mashabiki walimshukuru kwa bango, na mzee akalia machozi uwanjani mbele ya watu.

Hapa nataka nikae kidogo na De Rossi, yule kijana aliyetolewa wakati wa mapumziko. Januari 2024 naye alipewa timu hiyohiyo awe kocha. Alikuwa ameichezea mechi 616. Akaitoa nafasi ya 9 hadi ya 6, akaifikisha nusu fainali ya Ligi ya Europa, akapewa mkataba wa miaka mitatu. Septemba, baada ya mechi 4 tu za msimu mpya, akaondolewa. Mtoto wa nyumbani, aliyeichezea klabu hiyo karibu maisha yake yote, mechi nne.

Tukisoma Luka sura ya 4 huwa tunakimbilia ule msemo wa nabii kutokubaliwa kwao, na wengi wetu tunautumia kama kinga: wameshindwa kunithamini, basi. Lakini twende taratibu. Watu wa Nazareti walimpeleka Bwana hadi ukingo wa kilima wapate kumtupa chini. Hata hivyo Marko, katika sura yake ya 6, anasimulia ziara ya nyumbani ambayo watu walimkwaza kwa kumkumbusha useremala na kuwataja ndugu zake, na bado anatuambia kwamba wapo wagonjwa wachache waliowekewa mikono wakapona. Wachache, lakini walipona. Sijui kwa nini huwa tunauruka mstari huo. Mimi mwenyewe nimehubiri juu ya sura ile mara nyingi na nimeuruka.

Simu ya tatu ilipigwa Novemba 2024. Ranieri alikuwa na miaka 73 na alikwisha kustaafu. Miezi michache kabla yake aliinusuru Cagliari isishuke daraja, akaaga. Roma walikuwa nafasi ya 12, pointi 13 katika mechi 12, mashabiki wana hasira kwa ajili ya De Rossi, na kocha aliyemfuata naye ametimuliwa. Makubaliano yalikuwa kwamba amalize msimu, kisha akabidhi timu kwa mwingine na yeye abaki mshauri.

Alifungwa mechi mbili za kwanza za ligi. Kisha, kuanzia katikati ya Desemba hadi Mei, timu ilicheza mechi 19 za ligi bila kufungwa. Ikamaliza ya 5 na pointi 69. Nafasi ya 4, ile yenye tiketi ya Ligi ya Mabingwa, ilichukuliwa na Juventus wenye pointi 70. Pointi moja tena! Mara tatu nyumbani, na hakuna kombe hata moja. Alipokuwa ameshaondoka kwenye benchi, mwezi Juni, timu ya taifa ya Italia ilimtaka. Akakataa, kwa sababu alikuwa ameahidi kubaki na Roma.

Ninapomsoma mzee huyu namkumbuka Nehemia. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, kazi ya ikulu. Habari za kuta za Yerusalemu zilimkuta katika starehe hiyo, akaketi akalia, akaomba ruhusa aende. Wale waliokuwa Yerusalemu miaka yote hiyo wangeweza kumuuliza alikuwa wapi. Alijenga ukuta kwa siku 52 huku Sanbalati na Tobia wakimcheka. Katika sura ya 5 aliwakemea wakuu waliokuwa wakiwatoza riba ndugu zao, yaani aliwagusa wapendwa wa mji, na kwa miaka 12 hakula posho ya uliwali.

Sura ya 13 ndiyo inayosomwa kidogo. Nehemia alikuwa amerudi kwa mfalme. Kazi ilikwisha, ukuta umesimama. Akaomba ruhusa tena, akafika, na akakuta Tobia, adui yuleyule, amepewa chumba ndani ya nyua za nyumba ya Mungu. Kila alichokijenga kimeanza kuoza. Fikiria uchungu huo. Akavitoa nje vyombo vya Tobia kwa mikono yake, akaamuru vyumba visafishwe, akaanza upya na watu walewale.

Sasa niseme kwa nini habari hizi zimeninyima raha.

Kijijini kwetu kuna kanisa ambalo nilibatizwa na kupata kipaimara. Nikiwa kijana nimetoka chuo cha ualimu, niliomba kuwafundisha vijana kwaya ya sauti nne. Wazee wakakaa, wakasema huyu tunamjua, ni mtoto wa fulani aliyekuwa akiazima jembe kila masika. Nikanyimwa. Nikaja mjini, nikaimbisha kwaya kubwa, nikastaafu, na watu wa mjini wananiita Mwalimu kwa heshima. Michango ya nyumbani nimekuwa nikituma kwa simu. Ni rahisi, unabonyeza namba na dhamiri inatulia.

Wiki mbili zilizopita mzee wa kanisa alinipigia. Waumini wamegawanyika kwa sababu ya fedha za bati, wengine wanasali chini ya mwembe, wengine ndani. Kwaya imekufa. Akaniambia, "Mwalimu, wewe huna upande. Njoo utusaidie mwaka mmoja." Jibu lililonitoka naliona aibu kuliandika, lakini nitaliandika: "Mzee wangu, leo ndiyo mmenikumbuka, pameshaharibika?"

Akanyamaza. Kisha akasema kwa upole, "Ndiyo, mwanangu. Pangekuwa pazima tungekusumbua wa nini?"

Nimelala na jibu hilo siku nyingi. Mke wangu, ambaye mpira haupendi kabisa, nilimsimulia habari za Ranieri nikidhani naongea habari za Ranieri. Akaniuliza swali moja: hao waliompa mechi sita ujanani, aliwadai nini alipofika? Nilitafuta jibu sikulipata, maana kwa kadiri ninavyoijua habari hii, hakuna mahali alipoanza kwa kudai. Alipofika Novemba ile alianza na mazoezi.

Najua msomaji mmoja atasema nimefananisha mambo yasiyofanana. Kocha analipwa, na mzee wa miaka 73 mwenye jina kubwa hapotezi kitu. Kweli, analipwa. Ila angeweza kubaki na kumbukumbu nzuri ya 2016 hadi kufa kwake, wala hakuna ambaye angemlaumu. Kwenda nyumbani kulikuwa na hatari kuliko kwenda kwingine kokote, kwa kuwa ukifungwa Leicester unapanda ndege, na ukifungwa Roma unakutana na jirani zako asubuhi wakinunua mkate.

Ijumaa nilimpigia yule mzee. Sikumwahidi mwaka. Nilimwomba radhi kwa lile neno, nikamwambia nitakuja kwanza nisikilize pande zote mbili, wa ndani na wa chini ya mwembe, na kwamba nisingependa kufikia nyumbani kwa mtu wa upande wowote. Akacheka, akasema nyumba ya marehemu baba bado ina paa. Kikao ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Nimetoa vitabu vya nyimbo kabatini, na viwili kati ya hivyo vimeliwa na mchwa.