Msongo na Tumbo

Neno "msongo" limetokana na kitenzi "songa", yaani kubana au kukandamiza. Katika mazungumzo ya kila siku huambatanishwa na "mawazo", tukapata "msongo wa mawazo". Istilahi hiyo imeenea, lakini ina kasoro moja: humfanya msikilizaji adhani kwamba jambo lenyewe limo kichwani tu.

Sivyo. Mtu apatwapo na hofu au dhiki, ubongo hupeleka ishara mwilini kwa njia ya neva na homoni, kama vile adrenalini na kortisoli. Mfuko wa chakula huchelewa kumwaga kilichomo, ilhali utumbo mpana huongeza mwendo wake. Ndiyo maana mtahiniwa aweza kukosa hamu ya kula na papo hapo akaharisha.

Kasoro hiyo yaweza kumdhuru mgonjwa. Mwenye vidonda vya tumbo mara nyingi huambiwa, "Punguza mawazo." Lakini mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, huko Australia, walifaulu kuotesha maabarani bakteria aitwaye leo Helicobacter pylori. Ikadhihirika baadaye kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria huyo, au na dawa za maumivu kama aspirini. Msongo waweza kuzidisha maumivu. Bakteria huuawa kwa viuavijasumu, si kwa nasaha.

Kwa hiyo twapendekeza "msongo" litumike peke yake kwa hali ya mwili mzima, na "msongo wa mawazo" kwa aina yake mojawapo. Wasomaji watuletee maoni yao.