Leseni Kwanza, Guta Baadaye



Katika kukagua hesabu za chama kimoja cha msingi kinachopeleka ndizi na mboga za Uluguru hadi Msamvu, nilikuta hati ya malipo ya kutengeneza pikipiki ya magurudumu matatu ya mizigo, ambayo wengi tunaiita guta. Chombo kilikuwa kimepinduka. Kampuni ya bima ilikataa kulipa, kwa kuwa dereva alikuwa na leseni ya pikipiki ya magurudumu mawili tu. Gharama yote ilibebwa na ushuru wa wanachama. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuepuka hasara ya namna hiyo.

Hakuna ubishi kwamba chombo hiki kina manufaa. Bei yake ni ndogo kuliko ya gari, na petroli kinayotumia si nyingi. Ndiyo maana guta, pamoja na bajaji za abiria zilizopata jina kutokana na kampuni ya Bajaj ya India, zimeenea mijini na vijijini. Lakini unafuu wa bei haupunguzi masharti ya sheria.

Hapa Tanzania leseni za udereva zimegawanywa katika madaraja. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo. Daraja A2 ndilo la pikipiki za magurudumu matatu au manne. Daraja D ni la magari ya kawaida yasiyo ya biashara, wala halihusu pikipiki. Kwa hiyo mwenye A1 au D peke yake asikabidhiwe guta la chama.

Mara nyingi wanachama huuliza: mbona kwingine mwenye leseni ya gari huruhusiwa? Ni kweli kwamba sheria hutofautiana. Katika Umoja wa Ulaya, Maelekezo ya mwaka 2006 yaliziachia nchi uhuru wa kumruhusu mwenye leseni ya gari, daraja B, kuendesha pikipiki ya magurudumu matatu ndani ya mipaka yake. Ikiwa nguvu yake inazidi kilowati 15, awe ametimiza miaka 21. Jirani zetu wa Kenya wameiweka katika daraja A3, pamoja na pikipiki za abiria. Herufi na tarakimu zinafanana na zetu, lakini maana si moja: hapa kwetu A3 ni ya pikipiki ndogo kabisa, zisizozidi sentimita za ujazo 50. Kijana aliyejifunzia ng'ambo ya mpaka asipokewe kwa kutazama herufi tu.

Kabla ya kununua, Katibu ahakikishe mambo haya:

1. Ununuzi umo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu.
2. Kadi ya usajili imeandikwa jina la chama, si la Mwenyekiti wala la dereva.
3. Dereva ana daraja A2, na leseni yake haijaisha muda.
4. Bima imekatwa kulingana na kazi halisi ya chombo.
5. Ikiwa chama kitabeba abiria au mizigo ya watu kwa malipo, kipate leseni ya usafirishaji chini ya Kanuni za mwaka 2010. Shughuli hiyo husimamiwa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

Nakala za hati hizo ziwekwe katika jalada moja, na tarehe za kuisha ziandikwe juu yake. Katibu asiyeiona leseni kwa macho yake asitoe ufunguo. Fedha ya guta ni jasho la mkulima aliyeshuka mlimani na mzigo kichwani.