Mbwa Asiyengoja Amri

Mwaka 37 kabla ya Kristo, Mrumi mmoja aitwaye Varro, akiukaribia umri wa miaka 80, aliandika kitabu cha kilimo na ufugaji. Ndani yake kuna kisa cha mbwa wa kondoo. Mtu mmoja alinunua makundi ya kondoo huko Umbria, katikati ya Italia. Mbwa walihesabiwa ndani ya bei, wachungaji hawakuhesabiwa. Wachungaji walitakiwa tu kuwafikisha kondoo kusini, pande za Metapontum, kisha warudi kwao. Wakafikisha, wakarudi. Siku chache baadaye mbwa nao wakatokea Umbria. Walikuwa wametembea mwendo wa siku nyingi, wakijitafutia chakula mashambani, bila kuitwa wala kuongozwa na mtu. Varro anataja kilichowarudisha: waliwatamani watu wao.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinabeba mambo mawili ambayo wafugaji wa mbwa wa leo huyaona kama maji na mafuta. Mbwa wale waliwapenda watu kiasi cha kukata nchi nzima kwa miguu. Na hawakumwomba mtu ruhusa.

Mbwa walinzi wa mifugo ni ukoo mpana. Yupo Kangal wa Uturuki, ambaye dume lake hufika kilo 60. Yupo mbwa mweupe wa milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Uhispania. Yupo Komondor wa Hungaria, mwenye manyoya yaliyosokotana kama rasta. Na huko Italia ya kati kondoo wangali wanalindwa na Maremma. Lakini siku hizi wengi wa ukoo huu, hasa Marekani na Ulaya, hawajawahi kumwona kondoo. Wanaishi majumbani, katikati ya makochi na watoto, na malalamiko ya wenye mbwa yanafanana. Unamwita, anageuza kichwa, anakutazama vizuri, kisha anaendelea na safari yake. Mchana analala mlangoni kama gunia la mahindi. Usiku anabweka hadi mtaa mzima unajua kwamba paka amepita. Mwenye mbwa anabaki anajiuliza kama mnyama huyu anampenda kweli.

Jibu zuri lilianza kupatikana mwaka 1976, Raymond na Lorna Coppinger, wa chuo cha Hampshire huko Massachusetts, walipoanza kuwafuatilia mbwa hawa kazini. Katika miaka iliyofuata waliwagawia wafugaji wa Marekani zaidi ya mbwa 1,000, wakawa wanachunguza nani anafaulu na nani anashindwa, na kwa nini. Walieleza kwamba uwindaji wa mbwa ni mlolongo: kulenga kwa macho, kunyemelea, kufukuza, kukamata, kuua. Border Collie, yule mbwa anayeswaga kondoo kwa filimbi ya bwana wake, amekuziwa hatua za mwanzo za mlolongo huo mpaka zimekuwa ndiyo kazi yake. Kwa mbwa mlinzi mlolongo umefifia. Kondoo akitimua mbio mbele yake, yeye anamtazama tu.

Kinachomfanya abaki na kundi ni undugu, na undugu huo hupandwa mapema. Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, takriban kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili, ambapo anajifunza nani ni jamaa yake katika dunia hii. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na hapa msemo huo ni sayansi kamili. Akikulia zizini katika wiki hizo, kondoo wanakuwa ndugu zake. Akipapaswa mno na watu, analiacha kundi na kuja kulala barazani kwa mfugaji. Jambo hilo lilikuwa hasara kwa wafugaji, lakini kwangu ni ushahidi muhimu: mapenzi anayopewa kondoo na mapenzi anayopewa mtoto wako sebuleni yanatoka kwenye chemchemi moja.

Nguvu ya undugu huo inaonekana Namibia. Tangu 1994, shirika la kuhifadhi duma la Cheetah Conservation Fund, lililoanzishwa na Laurie Marker, limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Anatolia, jamii ya Kangal. Mbwa hukua na mbuzi tangu utotoni. Duma au bweha akikaribia, mbwa husimama kati yake na kundi na kubweka. Mara nyingi hiyo inatosha, maana mwindaji hataki kujeruhiwa. Mbuzi wanapona, na mfugaji hana tena sababu ya kumpiga duma risasi.

Sasa fikiria kazi hiyo inamtaka mbwa awe na akili gani. Mchungaji amelala, au yuko bonde la pili. Mnyama anakuja gizani. Mbwa anayengoja amri atakuwa amepoteza mbuzi wawili kabla amri haijafika. Kwa karne nyingi wafugaji waliwathamini mbwa waliojiamulia, na hao ndio walioacha wazao. Tunachokiita ukaidi ni ustadi uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi.

Maabara nazo zina la kusema. Mwaka 2009 Márta Gácsi na wenzake wa Budapest waliwalinganisha mbwa wa jamii zinazofanya kazi zikimtazama binadamu na wale wa jamii zinazofanya kazi peke yao, mbwa walinzi wakiwemo. Mtu alinyoosha kidole kuelekea chombo chenye chakula. Kundi la kwanza lilifuata kidole vizuri zaidi. Kosa letu ni kulisoma tokeo hilo kama kipimo cha upendo, wakati linapima usikivu kwa ishara zetu. Kushikamana na mtu ni jambo jingine. Mwaka 1998, mjini humohumo, József Topál na wenzake walitumia jaribio lililobuniwa kwa watoto wachanga na mama zao, wakaona mbwa wa jamii mbalimbali wakimtumia mwenye mbwa kama mtoto anavyomtumia mama: akiwepo wanacheza na kuchunguza, akitoka wanasimama mlangoni wakimngoja.

Mlinzi naye ana lugha yake ya kupenda, ila haina kelele. Anakuegemea kwa uzito wake wote mpaka unayumba. Anakuwekea mguu wa mbele mapajani na kuuacha hapo. Anachagua kulala kizingitini, mahali ambapo anaweza kuona mlango na watoto kwa pamoja, kuliko kujikunja miguuni pako. Usiku anazunguka uani, anarudi, anawanusa waliolala, anatoka tena. Anahesabu kundi lake, na wewe ni mmoja wa kundi hilo.

Tahadhari moja. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliokusanya habari za mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba jamii ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Utayari wa kufuata maagizo ulikuwa miongoni mwa tabia zilizofungamana zaidi na jamii, lakini hata hapo utakutana na Kangal msikivu na Border Collie asiyejali. Mtazame mbwa uliye naye.

Ninachoomba kwa anayetamani mbwa wa aina hii ni kitu kimoja: asimtafute kwa sababu ya picha ya kijibwa cheupe kinachofanana na mpira wa pamba. Baada ya miaka miwili kijibwa hicho kina kilo 50 na maoni yake binafsi. Kama ua wako ni mfupi, kama jirani amelala ukuta kwa ukuta na wewe, kama unataka mbwa wa kumfungua kamba bustanini na kumwita akaja mbio, chagua mwingine. Wengi wa walinzi hawa wanaachwa kwenye vituo vya kutunzia mbwa kwa kosa la kufanya kazi yao. Lakini kama una ua mrefu, subira, na moyo wa kuishi na mnyama atakayekusikiliza kwanza kisha aamue, mlete nyumbani angali mdogo, umzoeshe watu na wageni tangu wiki za mwanzo. Na usiku akibweka, toka uangalie alichokiona kabla hujamkemea.