Tarizi: Picha ya Moyo Isiyo na Uso

Kila linapozuka suala la picha majumbani mwetu, hukumbukwa hadithi ya pazia la Bi Aisha (r.a.). Pazia hilo lilikuwa na picha, Mtume (s.a.w.) akalichukia, likakatwa na kufanywa mito. Hukumu zake wanazuoni wamezieleza kwa urefu, nasi hatutazirudia. Leo tunapenda kuonyesha kwamba mja anaweza kuidhihirisha furaha na huzuni yake katika kitambaa bila kuchora uso wa mtu.

Mfano ulio wazi ni tarizi ya wanawake wa Palestina. Kwa Kiarabu huitwa tatriz, neno lenye asili moja na kutarizi kwetu.

Kabla ya mwaka 1948, aliyezijua nakshi aliweza kumtazama mwanamke akajua anatoka sehemu gani. Ramallah ilijulikana kwa uzi mwekundu juu ya kitani cheupe. Katika maeneo ya Al-Khalil, bibi harusi alivaa kofia iliyoshonewa sarafu. Miongoni mwa Mabedui wa kusini, nyekundu ilikuwa rangi ya aliyeolewa, na buluu ya msichana na mjane. Mjane aliyekuwa tayari kuolewa tena aliongeza uzi mwekundu juu ya buluu yake. Jamaa waliona, wakaelewa, naye hakulazimika kutamka neno. Gauni lilipochakaa, kipande cha kifuani kilibanduliwa na kushonewa gauni jipya, kazi ya miaka isipotee.

Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makazi yao. Katika kambi za wakimbizi, sindano ikawa riziki na kumbukumbu ya vijiji vilivyoachwa. Intifada ya kwanza ilipoanza Desemba 1987, bendera ya Palestina ilikuwa imepigwa marufuku na Israel. Wanawake wakatarizi rangi zake, ramani ya nchi yao na Kuba la Mwamba juu ya magauni yao. Bendera iliyo juu ya mti askari huishusha. Iliyotariziwa kifuani mwa mama ni vigumu kuiondoa. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza sanaa hii katika orodha ya urithi wa binadamu.

Nasi tunao urithi wa namna hiyo. Mke humshonea mumewe kofia kwa mkono, tundu kwa tundu, miezi kadhaa. Mama huchagua kanga kwa jina lake, akasema kwayo asiloweza kulisema kwa ulimi. Wapo wazee wetu waliopita katika eda, talaka na misiba ya watoto, wala hawakumsimulia mtu. Machungu yao yamo katika mito, vitambaa vya meza na kofia zilizofungiwa sandukuni.

Tunawausia vijana wafungue masanduku hayo wakati wenyewe wangali hai. Keti na bibi yako, shika kitambaa, muulize alikishona mwaka gani na alikuwa katika hali gani. Akishafariki, kitabaki kitambaa kizuri tu, na habari yake atakuwa ameondoka nayo.

Allah awape subira wenye huzuni na awarehemu waliotutangulia. Amin.