Akifia Seli, Je, ni Presha Iliyomuua?

Mwezi uliopita mgonjwa wangu mmoja, mzee wa miaka hamsini na kitu, alikuja kupimwa presha kama kawaida yake. Nilipokuwa nikimvua mkanda wa kipimo akaniuliza: "Daktari, mimi nikikamatwa nikapigwa seli hadi nife, si watasema ni presha iliyoniua?"

Swali hilo, msomaji, si la mzaha. Ndilo linalobishaniwa kortini karibu kila mara askari anaposhtakiwa kwa kifo cha mahabusu. Upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kesi bila kuacha shaka la maana. Basi wakili wa mshtakiwa huuchambua mwili wa marehemu akitafuta ugonjwa wowote: moyo, kifafa, dawa za kulevya.

Kumbuka kesi ya George Floyd, aliyefariki mjini Minneapolis, Marekani, Mei 25, 2020, baada ya askari Derek Chauvin kumkandamiza kwa goti shingoni kwa zaidi ya dakika 9. Daktari wa serikali aliyeipasua maiti, Andrew Baker, alikuta mishipa ya moyo imezibana, moyo umepanuka, na fentanili na methamfetamini katika damu. Hata hivyo aliandika kuwa moyo na mapafu vilisimama polisi walipomdhibiti na kumbana shingo. Magonjwa na dawa aliyaweka kando, kama hali nyingine zilizochangia.

Hapo ndipo wengi hupotea. Cheti cha kifo kina sehemu mbili: ya kwanza ni ya mambo yaliyoleta kifo moja kwa moja, na ya pili ni ya hali zilizochangia tu. Nimejaza vyeti hivyo miaka mingi, na nakiri kwamba sisi madaktari wakati mwingine huandika "moyo ulisimama" kwa uvivu. Kila anayekufa moyo wake husimama!

Kortini, daktari wa mapafu Martin Tobin alifanya jambo ambalo hata mwanafunzi wa uuguzi hulifanya: alihesabu pumzi za Floyd kwenye video. Alipata kama 22 kwa dakika. Fentanili huua kwa kupunguza pumzi. Mtu husinzia, akapumua polepole, kisha akaacha. Shahidi wa utetezi, Dkt David Fowler, alisema moyo mgonjwa ulivurugika ghafla, akataja hata moshi wa gari. Raia 12 walioamua kesi waliyasikia yote, na Aprili 20, 2021 wakampata Chauvin na hatia ya mauaji.

Swali halikuwa kama Floyd alikuwa mgonjwa. Lilikuwa: je, angekufa jioni ile bila lile goti? Sheria yetu haiko mbali na hapo. Kifungu cha 213 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema anayeharakisha kifo cha mtu ambaye tayari ni mgonjwa huhesabiwa kuwa amemuua.

Lakini shaka la kweli pia lipo, na daktari mwaminifu hulisema. Mlevi aliyeanguka mtaroni kabla ya kukamatwa anaweza kuvuja damu polepole ndani ya fuvu, akafa seli kesho yake bila kuguswa na mtu. Ndiyo sababu mahali jeraha lilipo huwa na uzito. Albert Ojwang alipofariki mikononi mwa polisi Nairobi Juni 2025, polisi walisema aligonga kichwa ukutani. Jopo la madaktari likiongozwa na Dkt Bernard Midia lilikuta damu imevilia usoni, pande zote za kichwa na kisogoni, na dalili za kubanwa shingo. Anayejigonga ukutani kwa kawaida huumia paji la uso. Washtakiwa katika kesi hiyo walikana mashtaka, na hukumu ni kazi ya jaji, si yangu.

Ikiwapata nyinyi, msizike kabla ya uchunguzi wa maiti. Ombeni daktari wenu asimame kando ya meza wakati wa kupasua. Nguo za marehemu msizifue. Na mpeni daktari kadi ya kliniki, aone kama presha ilikuwa imetulia.

Mzee wangu aliitia kadi yake mfukoni. Siku hiyo alikuwa 150 kwa 95, nikamwongezea dawa.