Samaki wa Upemba huokolewa pia Kamina

Kamina haina ziwa. Samaki wengi wanaoliwa hapa na bukari (ugali) hutoka mashariki, kwenye bonde la Upemba, ambako mto Lualaba unatawanyika na kuwa maziwa ya Upemba na Kisale pamoja na vinamasi vikubwa vya mafunjo. Hufika wakavu, wengine wa moshi, wengine wa chumvi, kwenye vikapu na magunia, kwa baiskeli, pikipiki na treni ya kutoka Bukama. Biashara hii imeutangulia mji wenyewe. Makaburi ya Sanga, kando ya Kisale, yalipofukuliwa mwaka 1957, yalionyesha jamii iliyovua na kufanya biashara hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Leo mafungu ya sokoni yana tilapia wa urefu wa kidole na kabambale ambao hawajawahi kuzaa. Wamevuliwa kwa nyavu za macho madogo, hata kwa mustikere, vyandarua vilivyogawiwa ili watoto walale salama dhidi ya malaria. Chandarua hakiachi kitu nyuma.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye fungu. Tilapia wengi wa maji haya hulea kinywani: jike hubeba mayai mdomoni, kisha vitoto, mpaka viweze kujitegemea. Anayemkamata wakati huo ameondoa kizazi kizima. Miezi ya mvua, Lualaba inapofurika, ndipo samaki wengi huingia kwenye mafunjo kuzaliana. Kwa sababu kama hiyo Zambia hufunga uvuvi wa ziwa Moero na mto Luapula kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari.

Katanga inaujua msiba huu. Wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walipeleka samaki wa Luapula Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa migodi. Soko lilikuwa na njaa isiyokwisha. Samaki aitwaye mpumbu, aliyepanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga, alitegwa katika safari hiyohiyo, mwaka baada ya mwaka. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka, na wingi ule haujarudi.

Kufunga ziwa ni lazima, lakini nani atalilinda? Kwenye Upemba wako wavuvi wanaoishi juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Mlinzi hawezi kufuata kila mtumbwi humo, na baba asiye na shamba hataacha kuvua kwa sababu ya tangazo la redioni. Huyo nisingependa afungwe jela. Anahitaji mbegu za mahindi na vipando vya mihogo kabla maji hayajafungwa.

Ukaguzi mzito uanzie huku kwetu. Nyavu za macho madogo huuzwa madukani, mchana kweupe, na kuzikamata hapo ni rahisi kuliko kuzifukuza majini. Magunia ya samaki nayo hupita stesheni na kwenye barabara zinazojulikana. Mnunuzi wa jumla mwenye mtaji ndiye aulizwe kwanza kwa nini amebeba vitoto, kabla ya mama anayepanga mafungu matano chini ili watoto wake wale jioni. Wanunuzi wa jumla wakikataliwa Kamina, wavuvi watajua wiki hiyohiyo, kwa sababu bei husafiri upesi kuliko agizo la gavana.